Bukavu: Takataka za mitaro zinazima umeme wa mji, na salongo peke yake haitoshi

Kila mara mvua kubwa inaponyesha Bukavu, mitaro ya Kadutu inajaa chupa za plastiki, masashe na maganda, na maji yanatafuta njia nyingine: barabarani, sokoni, ndani ya nyumba za watu. Mvua ikikoma, barabara inakauka na kila mtu anarudi kwenye kazi yake. Wengi wanafikiri kwamba takataka zile zimekwenda. Hazijaenda mbali. Zimeshuka kwa mto Kahwa na vijito vingine mpaka ziwa Kivu, na kutoka ziwani zinavutwa na maji ya Ruzizi mpaka mbele ya kituo cha umeme cha Ruzizi I. Pale ndipo zinasimama, na pale ndipo zinazuia maji kuingia katika mashini.

Mji wote unapaswa kulielewa jambo hili: uchafu na umeme si matatizo mawili mbalimbali. Kwa Bukavu, ni tatizo moja. Mkaaji analalamikia SNEL usiku kwa sababu ya giza, lakini mchana amepita juu ya mtaro uliojaa chupa bila kuona kwamba sehemu ya giza lake inaanzia pale. Na viongozi wanaotangaza salongo bila kutafuta gari la kubeba uchafu uliokusanywa wanafanya kosa lile lile kwa upande wao.

Kutoka Kadutu mpaka Ruzizi

Bukavu ilijengwa juu ya vilima na juu ya rasi tano zinazoingia katika ziwa. Wakati wa ukoloni, ulipoitwa Costermansville, ulikuwa mji mdogo. Leo unahesabiwa kuwa na zaidi ya watu milioni moja katika tarafa za Ibanda, Kadutu na Bagira. Wengi walikimbilia hapa kutoka vijiji vya Kabare, Walungu, Kalehe, Shabunda na Mwenga kwa sababu ya vita vilivyofuatana tangu mwaka wa 1996. Walijenga mahali walipopata: kando ya mito, juu ya mitaro ya zamani, kwenye miteremko yenye udongo unaoteleza, kama kule Funu.

Katika mji wa namna hii, maji yanashuka na kila kitu kilicho njiani mwake. Kinachotupwa Cimpunda, Nkafu ao Nyamugo hakibaki kule juu. Kinashuka Ibanda, kinaingia ziwani. Na ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea, ndio mto Ruzizi, unaoanzia hapa hapa Bukavu na kwenda mpaka ziwa Tanganyika.

Kituo cha Ruzizi I kilijengwa na Wabelgiji mwishoni mwa miaka ya 1950. Nguvu yake ni karibu megawati 30. Ruzizi II, yenye megawati karibu 44, ilikuja mwaka wa 1989, na inaendeshwa kwa faida ya nchi tatu, Congo, Rwanda na Burundi, kupitia kampuni ya SINELAC. Ruzizi I ndiyo ya kwanza kupokea maji ya ziwa, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kupokea chupa.

Mbele ya mahali maji yanapoingilia kuna vyuma vilivyopangwa kama kichujio. Takataka zikijaa pale, maji yanayoingia yanapungua, na umeme unapungua pamoja nayo. Zingine zinazama na kufika mpaka kwenye turbini. Hapo wafanyakazi wa SNEL wanapaswa kusimamisha mashini, kutoa uchafu kwa mikono na kwa vyombo, na hata kutuma wapiga mbizi chini ya maji. Saa wanazotumia kuvuta masashe na magodoro yaliyooza ni saa ambazo mashini haizalishi kitu.

Haki inaomba kusema pia kwamba uchafu si sababu pekee ya giza. Kituo cha Ruzizi I kina zaidi ya miaka 60. Watu wanaotaka umeme wameongezeka mara nyingi kuliko nguvu iliyopo. Waya na transfoma za mitaa mingi zimechoka, na wenye kujiunganisha kwa siri wanazidi kuzichosha. Kiangazi kikiwa kirefu, maji ya ziwa yanapungua. Mambo hayo yanaomba pesa nyingi na miaka mingi. Mradi wa Ruzizi III, wenye kupangwa na nchi tatu kwa megawati zaidi ya 200, unazungumziwa tangu zamani na bado watu wanausubiri. Lakini chupa ya plastiki haiombi mradi wa nchi tatu. Ni sababu moja ya giza ambayo wakaaji wa mji na viongozi wake wanaweza kuiondoa wenyewe.

Bei ya giza

Umeme ukikatika siku mbili, kila mtu anajua nani anaumia kwanza. Ni kinyozi anayekaa mbele ya kibanda chake akitazama wateja wakipita. Ni fundi wa kuchomelea vyuma aliyepokea pesa za mlango na hawezi kuutengeneza. Ni mama mwenye friji ya samaki ambaye anapaswa kuuza kwa hasara kabla havijaoza. Ni mwenye mashini ya kusaga anayenunua mazuti, na mwishowe ni mnunuzi wa unga anayeilipa mazuti ile. Katika vituo vya afya visivyo na jenereta, wanawake wanazaa kwa mwanga wa tochi ya simu.

Nyumbani, giza linarudisha makala na mshumaa. Gunia la makala linaloingia Bukavu linatoka mara nyingi katika misitu ya Kabare na Kalehe, hata ndani ya hifadhi ya Kahuzi-Biega, kwa hiyo kila wiki ya giza ni miti mingine inayoanguka. Na mshumaa katika nyumba ya mbao, kwenye avenyu ambapo ukuta wa jirani uko kwa urefu wa mkono mmoja, ni hatari ambayo Kadutu inaijua kuliko mtaa mwingine wowote. Familia nyingi zimepoteza vyote kwa moto wa usiku mmoja, na gari la zimamoto, hata likiwepo, haliwezi kupita katika njia zile.

Bukavu haiumii peke yake. Umeme wa Ruzizi unafika pia Goma na Uvira. Chupa iliyotupwa kwenye soko la Kadutu inaweza kuzima taa ya mtu ambaye hajawahi kukanyaga Kivu Kusini.

Kuna pia hasara ambayo haipiti kwenye waya. Mtaro ukiziba, maji yanachimba udongo chini ya nyumba. Nyumba zinazobomoka wakati wa mvua, watoto wanaochukuliwa na maji, kipindupindu kinachorudi kila mara katika miji ya kando ya ziwa: vyote vinapitia kwenye mtaro huo huo.

Salongo inafanya nusu ya kazi

Jibu la kawaida la viongozi ni salongo. Kazi hii ya pamoja ilianzishwa wakati wa Mobutu, katika miaka ya 1970, na Bukavu inaijua vizuri. Asubuhi maduka yanafungwa, watu wanatoka na majembe, mitaro inazibuliwa. Ni jambo jema. Linakumbusha kwamba avenyu ni ya wote, na jirani anajuana na jirani.

Lakini mtu yeyote anayepita saa sita baada ya salongo anaona kinachobaki. Matope na chupa vimetolewa ndani ya mtaro na kuwekwa kando ya mtaro. Vinangoja gari. Gari halifiki, ao linafika kwenye barabara kubwa ya Lumumba na halifiki Mosala wala Kasali. Mvua ya siku inayofuata inarudisha kila kitu mtaroni. Jumamosi nyingine watu wale wale wanatoa uchafu ule ule. Baada ya wiki kadhaa wanachoka, wanajificha ndani, na mkuu wa avenyu anaanza kutoza amende. Hapo salongo inaacha kuwa kazi ya pamoja na kuwa kodi nyingine.

Swali ambalo halijibiwi ni hili: mama wa Nyamugo, mwenye kiwanja cha mita chache, aweke takataka zake wapi? Hawezi kuchimba shimo, kwa sababu hakuna mahali. Hawezi kuchoma plastiki kati ya nyumba za mbao, kwa sababu ya moshi na ya moto. Pubeli ya mtaa hakuna. Basi anampa kijana pesa kidogo aende kutupa, bila kuuliza atatupa wapi, na kijana anatupa mtoni. Kumwita mama huyo mchafu ni rahisi. Kumwonyesha mahali pa kutupa ni kazi ya mji, na kazi hiyo haijafanywa.

Ng'ambo ya daraja, mama ni yule yule

Mara nyingi watu wanasema kwamba Wacongo hawana nidhamu. Daraja la Ruzizi linaonyesha kinyume. Mwenye biashara anayevuka asubuhi kwenda Kamembe anajua kwamba sashe ya plastiki haiingii Rwanda. Sheria ya kule ilizipiga marufuku mwaka wa 2008. Kwa hiyo anaiacha upande huu, anahamisha vitu vyake katika mfuko mwingine, anavuka, anauza, na hatupi kitu njiani. Jioni anarudi Bukavu, ananunua nyanya zake katika sashe, na sashe inaishia mtaroni. Mtu ni yule yule, siku ni ile ile. Kilichobadilika ni mpango anaoukuta.

Congo pia ina sheria yake. Tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka wa 2017, waziri mkuu Bruno Tshibala alitia sahihi amri inayokataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia masashe na vifungashio vingine vya plastiki. Masashe yanaendelea kuuzwa hadharani katika kila soko. Katiba ya mwaka wa 2006, katika kifungu cha 48, inatambua haki ya kupata maji ya kunywa na umeme. Kifungu cha 53 kinasema kwamba kila mtu ana haki ya kuishi katika mazingira safi, na kwamba ana wajibu wa kuyalinda. Sheria ya mwaka wa 2008 juu ya miji na tarafa inaziachia ngazi hizo kazi ya barabara za mitaa na usafi. Karatasi hazikosekani. Kinachokosekana ni gari la Jumamosi.

Tena kuna mfano mwingine, na huo uko ndani ya Bukavu yenyewe. Ni nani aliyewahi kuona mtaro uliozibwa na chupa za bia za kioo? Chupa ya Primus haitupwi, kwa sababu tupu yake ina bei. Mwenye duka anaihesabu, mnywaji anairudisha, na ikisahaulika njiani mtoto anaiokota kabla jua halijachwa. Hakuna askari anayeisimamia. Thamani yake inaisimamia. Chupa ya maji ya plastiki inatupwa kwa sababu, ikiisha, haina maana tena kwa mtu yeyote. Na bado kuna vijana katika mji huu wanaokusanya plastiki na kuigeuza vikapu, viti na vyombo vya kupandia maua. Wanaonyesha kwamba inawezekana. Lakini vikundi vichache haviwezi kubeba mzigo wa mji mzima bila kusaidiwa.

Kinachoombwa si kikubwa

Bukavu imepita katika wakati mgumu. Mwezi wa pili mwaka wa 2025 mji uliingia mikononi mwa AFC/M23. Benki zilifunga, wengi walipoteza kazi, na familia nyingi zinaishi kwa kutafuta chakula cha siku. Mtu anaweza kusema kwamba huu si wakati wa kuzungumzia pubeli. Lakini mtaro hauulizi nani anaongoza. Ulikuwa umeziba chini ya viongozi wa zamani, na utaziba chini ya yeyote ambaye hatautafutia mpango. Na kwa sababu watu wamekuwa maskini zaidi, siku moja ya giza inawaumiza zaidi kuliko zamani.

Jambo la kwanza ni kwamba salongo isitangazwe bila gari. Kila mtaa uwe na mahali pamoja panapojulikana pa kukusanyia, na gari lipite siku ile ile kabla ya usiku. Mahali gari lisipoweza kufika, kama katika sehemu nyingi za Kadutu, vijana walipwe kubeba magunia mpaka barabarani. Hii ni kazi, na vijana wanaoomba kazi hawakosekani. Mahali pa mwisho pa kutupia pia pachaguliwe mbali na mito, kusudi uchafu usirudi ziwani kwa njia nyingine.

La pili ni hesabu ya pesa. Mama anayetandika mboga sokoni analipa kodi ya kila siku, na anapewa jeto kama ushuhuda. Mwenye duka, mwenye pikipiki na mwenye nyumba wanalipa zao. Kila mwezi tarafa ingebandika ukutani kiasi kilichoingia kwa ajili ya usafi na kiasi kilichotumika kwa mafuta ya gari na kwa wasafishaji. Raia hakatai kulipa kitu anachokiona. Anakataa kulipia gari ambalo halijawahi kufika kwenye avenyu yake.

La tatu ni kutenganisha uchafu nyumbani. Sehemu kubwa ya takataka za Bukavu si plastiki. Ni maganda ya ndizi na mihogo, majani ya mboga, mabaki ya chakula. Familia nyingi zinazofuga dende ao nguruwe zinajua kwamba hiyo si takataka, ni chakula. Kinachobaki kinaweza kuwa mbolea kwa mashamba ya Kabare na Walungu, ambako udongo umechoka. Maganda yakitoka kwenye gunia, mzigo wa gari unapungua, na plastiki inabaki kavu, tayari kuuzwa.

La nne ni kukamata plastiki kabla haijafika ziwani. Wavu ao kizuizi kwenye mlango wa mto Kahwa na vijito vingine kina bei, lakini ni bei ndogo ukilinganisha na mashini inayosimama. SNEL inatumia watu na siku nyingi kusafisha mbele ya Ruzizi I. Ingekuwa faida kwake kushirikiana na mji kusafisha huku juu. Na upande wa Rwanda, ambao unagusa ziwa hilo hilo na mto huo huo, kazi hii haiwezi kukosa mazungumzo, hata katika siku hizi ambapo mazungumzo ni magumu.

La tano linahusu wenye kuuza vinywaji katika plastiki. Anayepata faida katika chupa anapaswa kuchangia kuirudisha. Bei ndogo tu kwa kila chupa tupu ingetosha kuwaamsha watoto na vijana wa mji mzima. Kioo kimekwisha kuonyesha njia.

Na mkaaji?

Kudai kwa viongozi hakumwondolei mkaaji sehemu yake. Abiria anayefungua kioo cha teksi na kutupa chupa Nyawera hawezi kusema alikosa pubeli: angeweza kuishika mpaka nyumbani. Mwenye nyumba nzuri kando ya ziwa, upande wa Muhumba ao Nguba, ambaye uchafu wake unaingia majini moja kwa moja, hana sababu ya kumcheka mtu wa Kadutu. Anayejenga juu ya mtaro anajua anachokifanya, na aliyemuuzia karatasi ya kiwanja hicho anajua zaidi. Amende, ikiwepo, iwafikie hao pia, si mwenye kibanda cha barabarani peke yake.

Makanisa, misikiti na shule zina sauti ambayo ofisi ya tarafa haina. Mtoto aliyefundishwa darasani jinsi chupa inavyotoka Nyamugo mpaka Ruzizi atamkataza baba yake kuitupa, na baba atasikia.

Mvua zinarudi kila mwaka kuanzia mwezi wa tisa. Kiangazi ndicho wakati wa kuzibua mitaro, kuchagua mahali pa kukusanyia na kupatana juu ya magari, kabla maji hayajaanza kushuka. Mji ukingoja mvua ya kwanza ndipo uitishe salongo, chupa zitakuwa zimekwisha kufika Ruzizi, na wafanyakazi wa SNEL wataanza tena kuzivuta moja moja huku Bukavu, Goma na Uvira zikisubiri gizani.